Ubavu wa Tairi Husema Nini?

Mtaa wa Nyarutarama, katika wilaya ya Gasabo mjini Kigali, umejengwa juu ya kilima, na mwenye gari akaaye huko hana safari ya kazini wala ya sokoni Kimironko isiyokuwa na mteremko. Akishuka kuelekea Gacuriro asubuhi ya masika, lami ikiwa imelowa, kinachomshikilia barabarani pamoja na watoto aliowapakia kiti cha nyuma ni vipande vinne vya mpira, kila kimoja kikigusa ardhi kwa eneo linalokaribia kiganja cha mtu mzima. Breki husimamisha magurudumu. Kulisimamisha gari ni kazi ya matairi.

Hata hivyo mtu huyo huyo, ambaye kabla ya kununua gari alizisoma karatasi zake zote, akafungua na kufunga kila mlango na kuijaribu redio, aghalabu hajapata kuinama akasoma maandishi yaliyo ubavuni mwa matairi yake. Akiyatazama sana husoma jina la kampuni. Yaliyobaki humwachia fundi, na fundi naye, ikiwa ndiye muuzaji, ana haja zake.

Ndugu msomaji, maandishi hayo si siri ya mafundi. Ni hati ya tairi, na kila ajuaye kusoma namba anaweza kuielewa. Kwa askari na polisi wanaoendesha magari ya kazi, huenda mengi ya hapa ni marudio ya kozi zao. Lakini gari la nyumbani halina ofisa usafirishaji wa kulikagua kila asubuhi, nalo ndilo hubeba familia wakati wa likizo. Jambo moja msomaji alishike tangu mwanzo: katika maandishi hayo, namba inayosomeka upesi ndiyo hutumiwa vibaya zaidi, na ile yenye maana kubwa kuliko zote hufichika, pengine upande wa ndani usioonekana.

KIPIMO NA MZIGO

Tuchukue mfano wa 195/65 R15 91H, maandishi yanayoonekana kwenye magari madogo mengi, zikiwamo baadhi ya Toyota Corolla. Namba ya kwanza, 195, ni upana wa tairi kwa milimita, kutoka ubavu mmoja hadi wa pili, likiwa limejazwa upepo. Namba ya pili si milimita bali ni asilimia: kimo cha ubavu ni sehemu 65 katika 100 za upana ule. Anayetaka kuhakikisha achukue kalamu; atapata milimita 126.75. Herufi R haina maana ya rimu, kama wengi wanavyodhani. Yaeleza namna nyuzi za ndani zilivyolazwa, kutoka ukingo mmoja moja kwa moja hadi ukingo wa pili, zikikata njia ya mwendo. Hilo ndilo tairi la radiali, ambalo kampuni ya Michelin ya Ufaransa iliandikisha haki ya uvumbuzi wake mwaka 1946. Mwisho, 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Milimita na inchi zimewekwa nyumba moja, na hakuna wa kulaumiwa ila historia.

Hesabu hii ina kazi yake. Mbavu mbili, ya juu na ya chini, ni milimita 253.5, na rimu ya inchi 15 ni milimita 381. Basi tairi zima lina kipenyo cha milimita 634.5. Wako wapendao gari lao liinuke kidogo, wakaweka 205/70 R15 mahali pa 195/65 R15, kwa kuwa rimu ni ile ile na tairi limeingia bila ugomvi. Kipenyo sasa ni milimita 668. Kila mzunguko wa gurudumu hulipeleka gari mbali zaidi, lakini kipima mwendo hakina habari. Ikiwa hapo kwanza kilikuwa sahihi, kitaonyesha kilometa 60 kwa saa huku gari likienda zaidi ya 63. Wakazi wa Kigali wanazijua vizuri kamera za barabarani walizozipa jina la Sofia, nazo hazipokei maelezo ya tairi.

Sasa tufike kwenye 91H. Namba 91 si kilo. Ni namba ya jedwali la kimataifa la mizigo. Katika jedwali hilo 80 ni kilo 450, 88 ni kilo 560, 91 ni kilo 615, 95 ni kilo 690, na 100 ni kilo 800, yaani mzigo ambao tairi moja laweza kubeba likiwa na upepo wa kutosha. Herufi inayofuata huonyesha mwendo wa juu kabisa ambao tairi limejengwa kuustahimili: Q ni kilometa 160 kwa saa, S ni 180, T ni 190, H ni 210, V ni 240. Hakuna barabara ya Rwanda inayoihitaji V, na amri ya Rais ya mwaka 2015 iliyataka magari ya abiria yafungwe vidhibiti mwendo vya kilometa 60 kwa saa. Lakini herufi hiyo si ruhusa ya kukimbia. Ni kipimo cha namna tairi linavyolihimili joto, na joto ndilo muuaji wa matairi. Kwa sababu hiyo haifai kushuka chini ya namba na herufi alizoziweka mtengenezaji wa gari, hata kama dereva ni mtu wa mwendo wa taratibu.

Hatari ya kutosoma namba ya mzigo huonekana zaidi katika magari ya abiria. Basi dogo la aina ya Hiace, ambalo Wanyarwanda walilipa jina la twegerane, yaani tusogeleane, huweza kuvaa tairi lililoandikwa 195 R15C 106/104R. Upana ni 195, rimu ni 15. Likilazwa kando ya lile la Corolla, asiyesoma atasema ni ndugu wa tumbo moja. Lakini C iliyofuata 15 humaanisha tairi la gari la biashara, na 106 katika jedwali ni kilo 950. 104, ambayo ni kilo 900, hutumika pale matairi mawili yanapofungwa pamoja upande mmoja wa ekseli. Mwenye gari anayetafuta nafuu akafunga matairi manne ya kilo 615 amepata uwezo wa kilo 2,460 kwa jumla. Likishapakiwa abiria na mizigo hata likafikia kilo 2,800, matairi yale yamekwisha kuzidiwa hata kabla ya kufika mlimani. Wala hayatapasuka siku hiyo hiyo. Yatavumilia wiki kadhaa, nyuzi za ndani zikichoka moja baada ya nyingine, na siku ya kupasuka itasemwa kuwa ni bahati mbaya.

Wenye Land Cruiser za zamani na malori watakuta maandishi ya mtindo mwingine, kama 7.50 R16 au 7.50-16. Hapo upana wenyewe ni inchi saba na nusu. Kistari mahali pa R chaonyesha kwamba nyuzi zimelazwa mshazari, kwa mtindo wa zamani, na tairi la namna hiyo lisifungwe ekseli moja na la radiali, kwa maana kila moja hujipinda kwa tabia yake kwenye kona. Maandishi 8PR au 10PR hayamaanishi kwamba ndani mna tabaka nane au kumi. Ni lugha iliyobaki tangu enzi za nyuzi za pamba: tairi lina nguvu sawa na la tabaka nane za pamba, ijapokuwa pengine tabaka zake halisi ni mbili tu.

NAMBA INAYOPOTOSHA

Karibu na ukingo wa rimu mna maandishi madogo kama haya: MAX LOAD 615 KG, MAX PRESS 300 kPa, 44 PSI. Ndiyo niliyoyataja mwanzoni. Kijana wa kujaza upepo huyatafuta kwa macho, huyaona, na hujaza hadi hapo, akiamini ametii maagizo ya kiwanda. Hakutii. MAX ni kikomo. Ni upepo ambao tairi lisizidishiwe. Aliyetengeneza tairi hajui litafungwa kwenye gari gani, basi hakuweza kuandika upepo ulifaao gari lako.

Upepo ufaao uliandikwa na aliyetengeneza gari, kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva au upande wa ndani wa kifuniko cha tangi la mafuta. Kwa magari madogo mengi ni kama kPa 230, ambayo ni sawa na PSI 33. Mara nyingi pana safu mbili, moja kwa gari lenye watu wachache, nyingine kwa gari lililojaa. Gari lililotoka ng'ambo huenda karatasi yake ikawa kwa lugha isiyofahamika. Si kitu, tarakimu ni zile zile kwa mataifa yote.

Tairi lililojazwa hadi kikomo chake hutuna katikati, eneo la kugusa ardhi likapungua, na kwenye lami yenye maji gari husimama mbali zaidi. Lenye upepo pungufu ni baya kuliko hilo. Mbavu zake hujikunja na kujikunjua kila mzunguko, zikazaa joto, hata ngozi ya juu ikaanza kuachana na nyaya za chuma zilizo chini yake. Upepo upimwe asubuhi kabla ya safari, matairi yakiwa baridi. Anayesimama katikati ya njia ya Rusumo akakuta kipimo kimepanda, kisha akaupunguza upepo, atafika na matairi yenye upepo pungufu.

TAREHE YA KUZALIWA

Tafuta sasa herufi DOT, kifupi cha jina la wizara ya uchukuzi ya Marekani. Baada yake hufuata mafungu ya herufi na namba, na mwisho kabisa tarakimu nne, mara nyingi ndani ya kizingo cha mviringo mfano wa yai. Tairi lenye 2319 lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Likiwa na tarakimu tatu tu, lilitoka kiwandani kabla ya mwaka 2000, wala halifai mjadala. Usipoziona, usidhani hazipo: namba kamili huchapwa ubavu mmoja tu, na huenda fundi ameugeuzia ndani, kwa kujua au kwa kutojua.

Namba hii ndiyo ya maana kuliko zote, kwa sababu mpira huzeeka hata usipotumika. Hewa, jua na joto huukausha, nao ukapoteza unyumbufu wake na kuanza kupasuka nyufa nyembamba mbavuni. Kampuni ya Michelin hushauri tairi likaguliwe na fundi kila mwaka likishatumika miaka 5, na lisitumike tena likifika miaka 10 tangu kutengenezwa, hata likionekana zima. Uingereza ilikwenda mbali zaidi: tangu tarehe 1 Februari 2021 imepiga marufuku matairi yaliyozidi miaka 10 kwenye magurudumu ya mbele ya malori na mabasi.

Faida ya kuijua namba hiyo ilionekana wazi huko Marekani. Mwezi Agosti mwaka 2000 kampuni ya Firestone ilitangaza kuyarudisha matairi milioni 6.5, mengi yake yakiwa kwenye magari ya Ford Explorer. Ngozi ya juu ilikuwa ikibanduka gari likiwa mwendoni, hasa katika majimbo ya joto, na gari likapinduka. Serikali ya nchi hiyo ilihesabu vifo zaidi ya 200 vilivyohusishwa na matairi hayo. Katika aina iliyoitwa Wilderness AT yalirudishwa kwanza yale tu yaliyotoka kiwanda cha Decatur, jimbo la Illinois. Mwenye gari angewezaje kujua lake limetoka wapi? Kwa herufi mbili zinazofuata DOT. Za Decatur zilikuwa VD. Baba na mama wa familia, watu wasiopata hata siku moja kutazama mbavu za matairi, walijikuta chini ya gari na tochi mkononi wakitafuta herufi hizo. Tena ubavuni mwa matairi yale palikuwa na neno TEMPERATURE na herufi C, daraja ya chini kabisa ya kuhimili joto inayokubaliwa na sheria ya Marekani; A ndiyo ya juu. Na upepo uliopendekezwa na kampuni ya gari ulikuwa PSI 26, ilhali Firestone ilikuja kushauri 30. Joto, upepo na namba ya kiwanda: yote matatu yalikuwa yameandikwa, mawili ubavuni mwa tairi na moja kwenye karatasi ya gari.

Kwetu sisi namba hiyo ina kazi ya ziada dukani. Anayekwenda Gatsata au kwingineko kutafuta tairi la bei nafuu ataonyeshwa tairi linalong'aa kwa weusi, kashata zake zimesimama, na ataambiwa kwamba ni jipya. Weusi hupakwa. Upya usomwe kwenye tarakimu nne. Tena, kiwanda cha Nairobi kilichotengeneza matairi ya Yana kilifungwa mwaka 2016, na kile cha General Tyre cha Arusha kilisimama kabla ya mwaka 2010. Ukiona jina la General Tyre lenye alama ya Tanzania, au Yana lililoandikwa MADE IN KENYA, likiuzwa kama jipya, umri wake unajulikana hata bila kutafuta DOT. Inasikitisha, kwa maana yalikuwa matairi ya kwetu.

Kashata nazo zina hila yake. Wako wanaolichukua tairi kipara wakalichonga mifereji mipya kwa kisu cha moto. Tairi la lori lililotengenezwa kwa kusudi hilo huandikwa REGROOVABLE ubavuni, na mpira wake wa chini ni mnene. La gari dogo halina unene huo, na kisu hukaribia nyaya. Njia ya kugundua ni rahisi. Tafuta ubavuni, karibu na ukingo wa juu, herufi TWI au pembetatu ndogo, kisha tazama moja kwa moja ndani ya mfereji ulio mbele yake. Utaona kituta cha mpira chenye kimo cha milimita 1.6. Kashata zikilingana na kituta hicho, tairi limekwisha. Na ikiwa mfereji ni wa kina lakini kituta hakipo, au kimekatwa katikati, umeshika tairi lililochongwa, mrudishie mwenyewe. Wakaguzi wa Polisi watalikuta siku ya ukaguzi, lakini ukaguzi una siku yake na barabara ina siku zote.

Alama nyingine tuzipitie upesi. Neno ROTATION lenye mshale hutaka tairi lizunguke kuelekea mshale gari linapokwenda mbele, na OUTSIDE hutaka upande huo utazame nje. Herufi E ndani ya duara, ikiwa na namba, ni kibali cha kanuni za Umoja wa Mataifa. Namba ni ya nchi iliyotoa kibali, 1 kwa Ujerumani, 2 kwa Ufaransa, 4 kwa Uholanzi. TREADWEAR 400 yasema kwamba katika majaribio tairi lilichakaa polepole mara nne kuliko tairi la kigezo lililopewa 100. Lakini kila kampuni hujipimia yenyewe, basi namba hiyo isaidie kulinganisha matairi ya kampuni moja tu.

Mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake unastahili neno zaidi. Hilo ni tairi la majira ya baridi, nalo hutufikia likiwa limevaliwa na magari yaliyotumika Ulaya. Katika nchi jirani ziendeshazo upande wa kushoto hufika pamoja na magari ya Japani, likiwa na neno STUDLESS na mara nyingi herufi Q. Mpira wake ni laini kwa makusudi, ili ushike barafu. Rwanda theluji huonekana mara moja moja kwenye kilele cha Karisimbi, mita 4,507 juu ya usawa wa bahari, na hakuna apandaye huko kwa gari. Kwenye lami ya moto mpira huo huisha kama sabuni, na gari huyumba kwenye kona. Kwa hiyo mama anayeambiwa dukani kwamba hayo ni matairi ya Ulaya, na ya Ulaya ni imara, ajue kwamba ni kweli, ila ni imara kwa kazi isiyokuwa yetu.

Limebaki tairi la akiba, ambalo husahauliwa na wote. Halionekani kuchakaa kwa kuwa halitembei, lakini miaka yake huhesabiwa sawa na ya mengine, na kwenye pikapu, ambako hufungwa chini ya bodi, hupokea vumbi na matope ya kila safari. Lifutwe, lisomwe tarakimu zake nne, lipimwe upepo kila mwezi. Likiwa jembamba kuliko mengine na limeandikwa TEMPORARY USE ONLY, hilo ni la kukufikisha gereji ya karibu tu: upepo wake kwa kawaida ni kPa 420, yaani PSI 60, na mwendo wake usizidi kilometa 80 kwa saa.